Samaki Wanajisaidia Wapi?

Wageni wanaofika nyumbani kwangu hapa Kasulo hucheka kwanza, ndipo husalimia. Sebuleni lipo sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 90, na ndani yake vifaranga kumi vya sato. Hilo peke yake halichekeshi sana. Kinachochekesha ni kilicho juu yake: madumu mawili ya manjano ya lita 20, yaliyopasuliwa kwa urefu na kujazwa changarawe, na kutoka humo majani ya matembele yameteremka hadi karibu na sakafu. Jirani mmoja aliniuliza kama uzee umeanza kunifanya nilime ndani ya nyumba. Nilimjibu kwamba silimi, ninaosha maji. Akacheka zaidi.

Siwalaumu. Mwalimu mstaafu wa miaka zaidi ya sabini angetazamiwa kufuga kuku, au kukaa barazani na redio yake. Lakini madumu yale yamenifundisha jambo ambalo miaka 38 ya ualimu haikunifundisha, na jambo hilo limenirudisha kwenye siku moja ya mwaka 1994 ambayo kwa muda mrefu nilipenda kuipita haraka katika mawazo yangu. Naomba msomaji anivumilie nikianza na samaki. Hiyo siku nitaifikia.

Mjukuu wangu wa miaka minane alikuja likizo kutoka Mwanza. Huko alikuwa ameona samaki katika kioo kwenye hoteli, akataka nasi tuwe nao. Fundi wa madirisha pale Benaco alitukatia vioo vya milimita 6, akaviunganisha kwa silikoni, akatuambia tusubiri siku kadhaa ikauke. Tukajaza maji ya mvua kiasi cha lita 150, tukaleta vifaranga kutoka katika bwawa la jirani. Siku ya pili mtoto alichuchumaa mbele ya kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Babu, hawa samaki wanajisaidia wapi?”

Nilicheka. Nikamwambia, “Humo humo.”

“Na maji ya kunywa wanapata wapi?”

“Humo humo, mjukuu wangu.”

Hakucheka. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima ambaye hakufikiri. Na kweli sikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimefikiria chakula. Niliwapa pumba na unga wa dagaa asubuhi, mchana na jioni, nikafurahi kuwaona wakigombania, nikajiona mfugaji mwema. Siku ya tano maji yalikuwa kama maziwa yaliyochanganywa na vumbi, na yalinuka. Siku ya saba walikufa wawili.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma na kuuliza. Samaki hutoa amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo hutoka kwa njia ya matamvua yake, yaani pale pale anapopumulia. Mtoni jambo hilo halina madhara, kwa sababu maji yanapita na kwenda. Ndani ya kioo hayaendi popote. Kila punje ya chakula niliyoitupa kwa upendo iligeuka sumu katika nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Niliwaua kwa ukarimu.

Suluhisho lake ni la zamani. Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake la kuweka samaki na mmea wa majini katika chombo kimoja ili mmoja amfae mwenzake. Mwanzoni majani yaliyooza yalichafua maji, mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Miaka 40 baadaye, mwaka 1890, Mrusi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba wapo bakteria wanaoishi kwa kuibadili amonia, kundi moja likiifanya nitriti, na jingine likiifanya nitriti kuwa nitreti. Amonia na nitriti ni sumu kwa samaki hata zikiwa kidogo. Nitreti haina ukali huo, na kwa mmea ni mbolea. Kwa hiyo kazi iliyonikabili ilikuwa kuwajengea bakteria hao nyumba, na kuiwekea nyumba hiyo shamba.

Ndiyo yale madumu. Pampu ndogo inayotumia betri ya sola imekaa chini ndani ya kioo, nayo huyapandisha maji mpaka dumu la kwanza. Hapo yanapita katika kipande cha sifongo kinachozuia uchafu mkubwa. Kisha kuna ukuta wa plastiki ulioachwa wazi chini, nao unayalazimisha maji yashuke mpaka sakafuni mwa dumu, ndipo yapande tena taratibu katikati ya changarawe na mizizi. Kutoka hapo yanaingia dumu la pili, yanapita vivyo hivyo, na mwisho yanarudi kwa samaki kwa kuanguka kama mvua ndogo, yakibeba hewa. Changarawe tuliitoa kijitoni, tukaichekecha na kuiosha. Ubao wa kwanza wa kubeba madumu ulipinda kwa uzito, tukaweka mbao mbili na nguzo. Kwanza nilipanda mafunjo kutoka bondeni, lakini yalirefuka yakaelemea upande mmoja. Nikapanda marando ya viazi vitamu, nayo hayakuhitaji kubembelezwa.

Chujio la namna hii halifanyi kazi siku linapowashwa. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kukaa sawasawa, na muda huo wote mfugaji hana budi kulisha kidogo na kubadilisha maji mara kwa mara. Nilivumilia wiki tano. Wiki ya sita niliona changarawe imevaa utelezi wa rangi ya kahawia, na ule ualimu wa zamani ukaniamkia. Mimi ni mtu niliyekagua kucha za watoto kila Jumatatu kwa miaka 38. Nikaitoa changarawe yote, nikaisugua kwa sabuni, nikaianika juani mpaka ikang'aa. Siku mbili baadaye samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Walikufa wanne. Ule utelezi ndio uliokuwa wafanyakazi wenyewe. Nilikuwa nimewafukuza kazini kwa sababu hawakupendeza machoni. Siku hizi changarawe naisuuza nusu tu kwa wakati mmoja, tena kwa maji yaliyotoka humo humo kwenye kioo.

Baada ya hapo mambo yakatulia. Robo ya maji bado naitoa kila baada ya wiki mbili na kuimwagia nyanya, maana mimea haimalizi kila kitu. Samaki wakifikia ukubwa wa kiganja huwarudisha kwa jirani na kuchukua wadogo. Na matembele tunayala.

Sasa swali lenyewe. Tukishamweka kiumbe mahali ambapo hawezi kutoka, wajibu wetu kwake unaishia wapi? Wengi tutajibu upesi kwamba tunapaswa kumlisha. Jibu hilo lina sifa njema, kwa sababu kulisha kunaonekana. Anayelishwa hushukuru, na anayelisha hupigwa picha. Lakini kila kinacholishwa hutoa taka, na taka haina mpiga picha. Mtoni samaki hana haja ya mfadhili wa kumsafishia, kwa kuwa anao mto. Mtu akimtoa mtoni amejitwisha kazi ya mto, apende asipende. Nionavyo mimi, kipimo cha wema wa mwenye nyumba kipo zaidi katika namna anavyopokea kile kinachotoka kwa mgeni wake kuliko katika kile anachomwingiza kinywani.

Haya nilipaswa kuyajua mapema, kwa sababu niliulizwa mwaka 1994, na aliyeniuliza hakuwa mtoto.

Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule daraja la Rusumo lilifurika watu waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda. Idadi iliyotangazwa wakati huo ilikuwa watu 250,000 katika muda wa saa 24, nao walikuwa wengi kuliko sisi wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara. Walielekezwa hapa Kasulo, mahali palipoitwa Benaco kwa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara na kuacha bwawa dogo. Vilima vilivyokuwa na miti na nyani vikawa na watu, na miti ikawa kuni. Miongoni mwao walikuwamo walioua, na walikuwamo watoto wachanga, na kwa macho huwezi kumtambua aliyebeba nini moyoni.

Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande huu. Shule ilikuwa na watoto 400 na matundu manane ya choo, ilhali kanuni ya tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25 ingetaka zaidi ya mara mbili ya hayo. Asubuhi ya pili nilikuta vyoo katika hali nisiyopenda kuieleza. Nikaenda dukani, nikanunua makufuli, nikafunga milango yote, na funguo nikazitia mfukoni. Wanafunzi walipewa kwa zamu. Nilifanya hivyo kwa nia njema, nami nilijipongeza kwa kuwahi.

Alasiri alikuja mama mmoja, umri wake yapata miaka sitini, amejifunga kitenge vizuri kama anayekwenda kanisani, na mguuni hana kiatu. Kihangaza chetu na Kinyarwanda vinasikilizana, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkalimani. Alinisalimu kwa heshima. Nilidhani anaomba unga, nikaanza kumweleza kwamba shule haina ghala. Akanikatiza kwa upole. “Mwalimu, chakula wamesema watatuletea. Mimi naomba choo. Pale tulipo ni wazi pande zote, na mimi nina wakwe zangu.”

Msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Mama mtu mzima, mbele ya wakwe, kwenye kilima kisicho na kichaka. Nami nilikuwa na funguo mfukoni. Nilimwambia, “Mama, nisamehe, vyoo ni vya wanafunzi.” Hakubishana. Alisema, “Haya, mwalimu,” akageuka, akarudi alikotoka. Sikuuliza jina lake, na sikumwona tena, au kama nilimwona sikumtambua.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hesabu, na hesabu ile haikuwa ya uongo. Matundu manane hayawezi watu robo milioni. Ningemfungulia mmoja, ningewafungulia elfu, na watoto niliokabidhiwa na wazazi wao wangepata kuhara. Hata chujio langu lina kiasi chake. Ukiweka sato mia katika lita 150, matembele hayatakuokoa, na wema wako utawaua wote. Anayesema kwamba mlango lazima uwe wazi kwa kila mtu wakati wote hajawahi kushika ufunguo wa kitu chochote.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Nimelitafuta kwa muda mrefu, na naamini nimelipata kando ya lile sanduku la kioo. Sikukosea kuhesabu. Nilikosea kwa kuishia katika kuhesabu. Nilipoona kwamba choo changu hakitoshi, nilidhani nimeshajibu swali lake, kumbe nilikuwa nimejibu swali langu. Yeye hakusema anataka choo changu. Alisema anahitaji choo.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia kama karipio, kana kwamba jembe ni adhabu kwa mgeni aliyekaa sana. Katika stoo ya shule nilikuwa na majembe zaidi ya thelathini ya Elimu ya Kujitegemea, nikawa na wavulana wa darasa la saba wenye mikono iliyozoea udongo, na nyuma ya shamba la shule palikuwa na kipande kitupu chenye udongo laini. Shimo la siku moja, miti minne na nyasi za kukingia: hicho tu ndicho kilichotakiwa. Jembe lingekuwa heshima ya siku ya kwanza. Sikulitoa, kwa sababu halikunijia akilini kwamba taka ya mgeni ni jambo la mwenyeji. Nilidhani jambo langu ni kulinda choo.

Waliofikiri vizuri kuliko mimi walikuwapo. Mashirika yaliyofika Benaco yalileta mahindi na maharage, nayo ndiyo watu wanayokumbuka. Lakini yalivuta pia maji ya lile bwawa kwa pampu, yakayatibu na kuyahifadhi katika matangi makubwa, na kuchimbisha vyoo mlima mzima. Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, watu wengine wengi zaidi walivuka kuingia Goma, mahali pa miamba ya volkano ambapo jembe haliingii. Kipindupindu na kuhara damu vikawakuta kabla ya maji safi, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Hapa kwetu maafa ya kiasi hicho hayakutokea. Sababu ziko nyingi, lakini siwezi kuwasahau wale waliochimba.

Nisieleweke vibaya. Watu si samaki, na mkimbizi si taka. Tena kuna uchafu ambao hakuna mzizi unaoweza kuubadilisha. Wiki zile zile mto Kagera uliteremsha miili ya watu waliouawa mpaka Ziwa Viktoria, ikipita katikati ya mafunjo yale yale ambayo tangu zamani yamechuja tope la milima. Kwa jambo lile mto hauna dawa. Pale panahitajika hukumu, toba na kumbukumbu, na mwenye chujio anyamaze. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Nasema juu ya mwili wa kila siku, wa mwema na wa mwovu, unaokula na kutoa, na ambao haki yake ya kutoa ni kubwa sawa na haki yake ya kula, ingawa ya kwanza tunaona aibu kuitaja.

Nikiangalia nyuma naona tumelikosea jambo hili kila mahali. Tunajenga madarasa, tunasherehekea, vyoo vinakuja mwakani. Tunamchukua mzazi mzee akae nasi, tunampa nyama laini, kisha tunanung'unika shuka zikichafuka. Tunamsifu anayepika msibani, na anayezibua mtaro tunamwita kwa jina la kazi yake badala ya jina lake. Sote tunataka kuwa mkono unaotupa chakula majini. Wachache hukubali kuwa changarawe, kwa kuwa changarawe hukaa gizani na kuvaa utelezi, na akija mtu wa usafi kama mimi huisugua kwa sabuni.

Wakimbizi wa Rwanda waliondoka Desemba 1996. Benaco siku hizi ni mji, madereva wa malori ya kwenda Rusumo hulala pale, na mabasi hushusha watu usiku na mchana. Baadhi hupita mbele ya nyumba yangu. Miaka michache iliyopita, baada ya samaki wale wa kwanza kufa, nilichimbisha choo cha pili upande wa barabara. Kina mlango na komeo la ndani, kwa ajili ya anayeingia. Nje sikuweka kufuli. Mke wangu aliniambia kwamba tutafanya kazi ya kuosha kila asubuhi kwa ajili ya watu tusiowajua, na amesema kweli. Ninaosha mimi. Siku nyingine ninaosha nikinung'unika, maana wapo wasio na adabu.

Mjukuu wangu sasa yuko darasa la sita. Likizo iliyopita aliniuliza kwa nini wapita njia hawachangii chochote. Nilimwonyesha migomba iliyopandwa juu ya shimo la kwanza lililojaa na kufukiwa, jinsi ilivyonenepa kuliko mingine yote. Alisema hilo si jibu, kwa sababu hao watu hawakukusudia kutupandia ndizi. Ni kweli, si jibu. Tumeshapima mahali pa shimo la tatu, na jembe la kuchimbia analo yeye.